Uso wa Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili Bi Mwanahamisi aliishi ua mmoja na mume wa binti yake, na lau ungemwuliza mkwe wake ana pua ya namna gani, asingejua. Miguu yake aliijua: kucha iliyopinda kwenye kidole gumba cha kushoto, nyufa za kisigino, kovu la shoka. Kikohozi chake alikijua zaidi. Hamido hakuingia uani hata siku moja bila kukohoa mara mbili, ili mama mkwe apate nafasi ya kuvuta kanga na kugeukia ukuta. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe aliyolelewa nayo, naye hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Kuna wanawake siku hizi wanaojifunika kwa ncha ya kanga huku wanachungulia. Hao Bi Mwanahamisi aliwaita walaghai, tena mbele yao.

Kule walikotoka, kabla ya kuhamia Quitunda, kijiji kipya huku Msumbiji, kazi ilikuwa nyepesi. Kulikuwa na njia ya wakwe nyuma ya migomba, na mlango wa nyuma, na nafasi ya kumkwepa mtu. Nyumba za Quitunda ni za tofali, imara, mvua haiingii, lakini zimesogeleana na ua ni mweupe kama sahani. Bi Mwanahamisi aliamini kwamba aliyezichora hakuwa na mkwe.

Wakitaka kusemezana, maneno yalipitia kwa mtu wa tatu. Mtu akikosekana, jogoo alitosha.

"Mwambieni mama, chumvi imekwisha," Hamido humwambia jogoo.

"Mwambieni baba Tatu, nimesikia," Bi Mwanahamisi huijibu sufuria.

Watoto wa jirani walicheka mpaka wakachoka kucheka. Mama na mkwe wenyewe hawakuona cha kuchekesha. Walipendana kwa namna hiyo, na nyumba ilitulia.

Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokaribia kumwua Hamido mwaka juzi.

Siku ile walikuwa nyumbani wawili tu. Hamido alikuwa akitengeneza uzio wa nyuma, akaumwa na kitu shingoni. Akaja mbio uani, anakohoa. Mama mkwe akasikia kikohozi, akavuta kanga, akageukia ukuta kama kawaida. Akasubiri apite. Kilichofuata ni kishindo cha mtu kuanguka, na hata hapo alipiga kelele za kuita majirani bila kugeuka. Wakambeba hospitali, yeye akifuata nyuma. Mganga wa zamu akauliza nani alikuwepo. Akasukumwa mbele yeye. Uso ulivimba? Midomo je? Alitoka vipele? Alipumua vipi?

"Alianguka," alijibu. "Sikumtazama."

Wakamtoboa Hamido kidole, wakakuta malaria, na msimu ule nani hakuwa nayo? Kwenye karatasi ikaandikwa malaria. Hamido mwenyewe alikumbuka kuumwa na mdudu, ila nani anaanguka kwa kuumwa na mdudu? Watu huumwa kila siku, wanajisugua, wanaendelea na kazi. Wakampa vidonge, wakamrudisha nyumbani.

Baada ya miezi minane ikatokea tena, safari hii mbele ya mkewe, Alima. Alima hakugeukia ukuta. Aliona uso ukiumuka kama andazi, vipele vikitambaa kifuani, akamfikisha hospitali akiwa na pumzi ya mwisho mwisho. Hapo alikuwa ameshakuja nesi mpya, Chamima, binti mwembamba asiyejua kuuliza swali moja akanyamaza. Aliuliza saa ngapi, alikula nini, vipele vilianzia wapi, mwiba ulibaki kwenye ngozi au haukubaki. Akaifungua ile karatasi ya kwanza, akaweka kidole juu ya neno.

"Malaria pengine ilikuwepo," alisema. "Lakini siyo iliyomwangusha. Huyu ana alergia ya sumu ya mdudu. Damu yake haiivumilii, na kila akiumwa inaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Mdudu gani?"

Wote wakasema nyuki. Nani aliwaona? Hakuna aliyewaona. Lakini anayeuma kwa ukali namna hiyo ni nyuki, ndivyo kila mtu ajuavyo. Nesi hakuridhika. Alieleza kwamba mbali huko kwenye hospitali kubwa kuna tiba, mtu hudungwa sumu ile ile kidogo kidogo, kwa miaka, mpaka mwili uizoee, lakini huwezi kumtibu mtu sumu ya nyuki ikiwa adui yake ni mwingine. "Siku nyingine, Mungu aiepushe, nileteeni mdudu mwenyewe."

Kisha akaja nyumbani na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na seringa mbili, mabomba ya sindano yaliyokwisha tiwa adrenalina, dawa ya kufungua pumzi. Likae kivulini, likae popote alipo Hamido, na kila mwisho wa mwezi lirudi hospitali libadilishwe dawa. Akamfundisha Alima kwa papai bichi: paja la nje, katikati, choma wima, sukuma yote, alale chini miguu juu, asisimame. Baada ya dakika tano, hajapata nafuu, ya pili.

"Nani mwingine atajifunza?" akauliza. "Mama je?"

Majirani waliokuja kutazama waliangua kicheko. Paja la mkwe! Mmoja alisema astaghafirullah. Nesi aliutazama mlango, ambao nyuma yake Bi Mwanahamisi alikuwa amekaa kwenye jamvi, kajifunika gubigubi.

"Na siku Alima hayupo?"

Basi nesi akarudia somo lote toka mwanzo, kwa sauti kubwa kidogo, akiwa ameuelekea ule mlango.

Kesho yake, wengine walipotoka, Bi Mwanahamisi alichukua kijiti na papai. Jirani angemwona, angesema bibi amerukwa na akili. Dakika tano zilimtatiza, maana saa hakuwahi kuwa nayo. Akamwita mjukuu wake Tatu amhesabie kwenye simu, yeye akazungusha tasbihi. Mizunguko mitatu na punje chache. Akalihifadhi hilo kichwani, akamwomba Mungu lisije likahitajika.

Lilihitajika Jumatano, siku ya kupima watoto uzito. Alima alimchukua mwanawe mchanga, Sharifu, akaenda naye hospitali. Tatu alikuwa shule. Shambani, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, walibaki mama na mkwe, kila mtu upande wake, katikati pamepandwa safu ya mbaazi kwa makusudi hayo hayo. Kapu lenye bati liliwekwa upande wa Hamido, chini ya kivuli, mwisho wa safu.

Hamido alitaka kukata tawi la mkorosho lililoinyima mihogo jua. Alilikagua kwanza, maana hakuwa mjinga: alisimama, akasikiliza kama kuna mvumo wa nyuki. Hakuna. Kulikuwa na kijumba cha nyigu tu, kikubwa kama kiganja cha mtoto, chini ya jani. Nyigu wako kila mahali. Wamejenga chini ya paa la jiko nyumbani, watoto wanapita chini yao. Nani anawahesabu nyigu?

Bi Mwanahamisi alisikia panga likianguka. Kisha sauti ya kofi shingoni. Halafu Hamido, kwa sauti ya kawaida kabisa, akisema na jembe:

"Mwambieni mama asije huku. Nimeumwa."

Na mwili wake, Mungu amsamehe, ulifanya ulichozoea. Mkono ulivuta kanga, miguu ikageuka, akajikuta anautazama mhogo. Alisimama hivyo, akingoja kusikia vikohozi viwili vya kawaida. Kikaja kimoja. Kikaja cha pili. Kisha cha tatu, cha nne, na baada yake mluzi mwembamba wa pumzi inayolazimishwa kupita mahali padogo.

Mluzi ule aliufahamu. Mwaka juzi aliusikia akiwa anautazama ukuta.

Alitoa simu kifuani, akapiga. "Alima! Baba Tatu kaumwa!" Upande wa Alima kulisikika ukelele, kisha simu ikabadilisha mikono.

"Mama, ni mimi Chamima. Calma, tulia. Bati lipo?"

"Lipo."

"Mtazame usoni uniambie. Midomo imevimba?"

"Nimtazame?"

"Mama, mimi siko hapo. Naona kwa macho yako tu."

Akaivuka safu ya mbaazi. Alivunja mashina mawili matatu, hakujali. Akaishusha kanga mabegani, akainua macho kutoka kwenye ile miguu aliyoijua, akapanda juu polepole, mpaka akafika.

Ulikuwa uso wa mtu asiyemjua. Macho mawili yaliyobaki nyufa, mashavu mapana, midomo minene. Na hapo ndipo balaa lilipomwelemea, akataka kulia kwa hasira.

"Sijui!" alipiga kelele kwenye simu. "Sijui kama imevimba! Sijui ilikuwaje mwanzo!"

"Sawa, mama, sawa. Vipele?"

"Vipo. Shingoni, mikononi."

"Anaongea?"

"Anapiga mluzi kifuani."

"Mdunge sasa hivi. Asisimame kwa hali yoyote, akisimama moyo unaweza..."

Mtandao ukakatika. Bi Mwanahamisi aliitazama simu, akaitupa kapuni.

Hamido alikuwa ameshaelewa kinachokuja. Mtu anakata roho, na bado ana haya. Alirudi nyuma kwa makalio, akikokota visigino kwenye mchanga, huku mikono miwili imeshika suruali.

"Mama, usiniguse," alisema, neno moja kwa pumzi moja. "Mwiteni... Muhamudo."

Muhamudo alikuwa na shamba ng'ambo ya bonde. Ukimwita kwa tarumbeta asingesikia. Hamido akaegemea mkorosho, akaanza kujiinua ili amfuate kwa miguu yake mwenyewe. Goti moja likanyooka.

"Hamido!"

Jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake tangu siku ya ndoa. Lilitoka kwa ukali kiasi kwamba ndege waliruka mkoroshoni.

"Lala chini!"

Akalala. Labda ni kwa kutii, labda ni kwa mshtuko. Bi Mwanahamisi alitoa bati kapuni, akamwekea kapu chini ya miguu, akachukua kisu cha mhogo, akapasua suruali toka juu ya goti kwenda juu. Hamido aliivuta kanga ya mama mkwe wake iliyoanguka kando, akajifunika uso. Bi Mwanahamisi akamnyang'anya.

"Huo uso ndio ninaoutaka. Aibu utaiona kesho."

Akatoa kifuniko cha sindano. Paja la nje, katikati. Siyo papai hili. Lilikuwa la moto na lilitetemeka. Akasema bismillahi, akachoma wima, akasukuma yote. Kisha akachomoa tasbihi kiunoni, akapiga magoti karibu na kichwa cha mkwe wake, akaanza kuhesabu huku anamtazama.

Alimtazama kama alivyokuwa akitazama wali usiungue. Mzunguko wa kwanza: macho nyufa, mluzi uleule. Aliona baka jeusi chini ya jicho la kushoto. Aliona jino lililomeguka. Shingoni, kwenye ukosi wa shati, kulikuwa na mdudu aliyepondeka kwa kofi, kiuno chembamba, miguu mirefu inaning'inia. Bila kuacha kuhesabu alimtoa kwa kucha mbili, akamfunga kwenye pindo la kanga. Akapekua mahali palipoumwa. Hapakuwa na mwiba.

Mzunguko wa pili: mluzi ulipungua, naye akashukuru mapema. Haukupungua kwa nafuu. Ulipungua kwa sababu hewa ilikuwa haipiti. Kidevu kikaanza kuchezacheza.

Mzunguko wa tatu. Sasa alikuwa na cha kulinganisha. Uso huu alikuwa nao tangu mzunguko wa kwanza, na midomo aliyoiona wakati ule haikuwa na rangi hii. Ile ilikuwa minene lakini hai. Hii ilikuwa inakwenda rangi ya jivu. Hakuwa na nesi sikioni wala mtu wa kumwambia fanya au acha. Kama dawa ikizidi itamwua? Somo halikusema hivyo. Somo lilisema hajapata nafuu, ya pili. Alimaliza punje zilizobaki, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza, akachukua seringa ya mwisho, akamdunga.

Bati likabaki tupu. Tangu hapo hakuwa na jingine la kufanya isipokuwa kuhesabu na kutazama, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, na hilo ni pamoja na miaka ya kukimbia vita na watoto mgongoni.

"Usife," alimwambia, ana kwa ana, bila jogoo wala sufuria. "Nitamwambia nini Alima? Kwamba nilikuwepo mara ya pili?"

Mluzi ukarudi. Safari hii ulikuwa mnene zaidi, hewa nyingi ndani yake. Hamido akavuta pumzi, akakohoa, akavuta nyingine. Moyo wake ulienda mbio hata shati likachezacheza. Midomo ilianza kupata rangi kuanzia katikati kwenda pembeni, na mama mkwe wake aliifuata rangi hiyo hatua kwa hatua, machozi yanamtiririka, hafuti.

Nesi alifika amepakiwa nyuma ya pikipiki ya jirani yao Mussagy na Alima katikati, watatu juu ya chombo kimoja, mtoto ameachwa kwa mama mwingine kwenye foleni. Wakampima, wakamtundikia dripu, wakamfunga kwenye machela ya miti na kanga, wakambeba amelala mpaka barabarani kwenye gari.

Alasiri ile, hospitali, nesi Chamima alivuta kiti. Mkononi alikuwa na karatasi tatu: ya mwaka juzi, ya pili, na mpya isiyoandikwa kitu.

"Nani alikuwepo?"

"Mimi," alisema Bi Mwanahamisi. Hakusukumwa mbele na mtu.

Akaeleza. Vipele vilianzia shingoni, vikashuka. Macho yalikuwa nyufa hadi mzunguko wa tatu wa tasbihi baada ya sindano ya pili. Midomo ilianza kuwa ya jivu kwenye pembe ya kushoto. Mluzi ulikatika, ukarudi mnene. Nesi aliandika mpaka mkono ukamchoka, akamwomba asubiri, akaandika tena. Kisha bibi akafungua pindo la kanga, akaweka kile kiumbe juu ya meza.

"Mwiba haukubaki," alisema. "Nilitafuta."

Nesi aliinama akakitazama. "Nyigu," alisema taratibu. "Muda wote huu tulikuwa tunamkimbiza nyuki." Akaandika neno hilo juu kabisa, akalipigia mstari. Alisema atatuma damu Pemba, mji mkuu wa mkoa, pamoja na barua, ili Hamido aombewe ile tiba ya miaka. Itapatikana lini, hakuweza kuahidi. Ila leo hii barua ilikuwa na la kusema, na leo hii vijumba vyote chini ya paa la jiko vitaondolewa na mtu mwingine, siyo Hamido.

Bi Mwanahamisi aligusa ile karatasi ya mwaka juzi.

"Hii niliiandika mimi," alisema. "Kwa mgongo wangu. Niligeukia ukuta."

Alima akamshika mkono. Nesi hakusema si kitu, maana ilikuwa kitu. Alisema, "Sumu inaweza kurudi, hata baada ya saa kadhaa. Nataka mtu wa kukaa naye mpaka kesho asubuhi, anayejua uso wake unaanzaje kubadilika."

Alima alikuwa ananyonyesha, na amechoka hata macho yanafumba. Bi Mwanahamisi akasogeza kiti chake karibu na kitanda.

Hamido, aliyekuwa amelala chali na dripu mkononi, alifungua macho. Uvimbe ulikuwa umepungua. Alimwona mama mkwe wake anamtazama, kanga iko mabegani, na haya ikampanda. Akajigeuza, akaelekea ukutani. Akakohoa mara mbili.

"Mwambieni mama akapumzike," aliuambia ukuta. "Mwambieni namshukuru."

Bi Mwanahamisi aliutazama ule mgongo. Mkono ulikwenda kwenye kanga, ukaishika, ukaiacha.

"Mwambieni baba Tatu nimesikia," alisema. "Na mwambieni ageukie huku. Nisipoiona midomo yake, nitajuaje?"

Kisha kitanda kikalia, na Hamido akageuka.